Joto la kaskazi na SSD iliyolala: namna ya kutunza kumbukumbu zisizo na umeme Unguja na Pemba

Mwezi wa Februari alikuja kwangu Wete mama mmoja na mkebe wa biskuti. Ndani yake, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe na karatasi za shamba la mikarafuu, mlikuwa na flashi iliyofungwa kwenye kitambaa. Flashi ile nilimkabidhi mwenyewe miaka minne nyuma, ikiwa na sauti ya marehemu baba yake akisoma qasida. Tangu siku ile mkebe ulikaa juu ya kabati, chini ya paa la bati lisilo na dari. Qasida zilikuwa tisa. Sita zilifunguka, mbili zikawa zinakatika katikati, na moja haikufunguka kabisa.

Flashi ile ilikuwa na sababu tatu za kuharibika: ilikuwa ya bei nafuu, nilikwisha iandika na kuifuta mara nyingi kabla ya kumpa, na ililala miaka minne kwenye joto bila kuchomekwa popote. Ningeweza kuziepuka zote tatu. Tangu hapo nimesoma na kujaribu mengi, na mwongozo huu nauandika kwa kila mwenye picha za harusi, hati, hesabu za duka au sauti za wazee ndani ya SSD (diski ya kompyuta inayohifadhi kwa chipu badala ya sahani za sumaku), flashi au memori kadi, akidhani kwamba kitu kikishazimwa na kufungiwa kabatini kimetulia.

Kinachotokea ndani

Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Kuna chipu za silikoni zenye mabilioni ya vyumba vidogo mno viitwavyo seli. Hifadhi ya namna hii, iitwayo NAND, ilitokana na kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba, Japani, walioitangaza mwaka 1987, na msingi wake ni uleule mpaka leo: ndani ya kila seli hufungiwa elektroni kwa kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho taarifa yenyewe. Elektroni zimezungushiwa ukuta mwembamba usiopitisha umeme. Ukizima kompyuta, ukuta huo peke yake ndio unaozizuia zisitoke.

Ufikirie mtungi wa maji. Umeujaza asubuhi, hauna ufa wowote, lakini unatoka jasho, na kesho yake ukichungulia maji yamepungua kidogo. Siku ya jua kali hupungua zaidi. Seli nazo ndivyo zilivyo. Elektroni hutoka moja moja, na joto huzipa nguvu ya kutoka kwa kasi zaidi.

Ukuta nao huchakaa. Kila unapofuta na kuandika upya, elektroni husukumwa kupenya ukutani kwa volteji kubwa, na ukuta hubaki na makovu. Ndiyo maana SSD iliyotumika sana huvuja upesi kuliko mpya, hata zikiwekwa sandukuni pamoja.

Halafu kuna suala la mistari. Tuseme umechora mistari ndani ya mtungi ili ujue maji yamefika wapi. Seli ya SLC hubeba biti 1, yaani 0 au 1, kwa hiyo ina viwango 2 tu: una maji au hauna. MLC hubeba biti 2 kwa viwango 4, TLC biti 3 kwa viwango 8, na QLC biti 4 kwa viwango 16. Katika mtungi wenye mistari 16 iliyobanana, maji yakishuka kidogo tu unasoma mstari wa jirani. SSD nyingi za madukani leo ni TLC, na zile za ujazo mkubwa kwa bei ya chini mara nyingi ni QLC. Kwa kazi za kila siku sina ugomvi na QLC. Kwa kumbukumbu za kuweka miaka, siichagui.

Kinga ipo. Kila SSD ina kontrola, chipu inayosimamia nyingine zote. Huandika taarifa pamoja na biti za ziada za kusahihishia makosa, na ikiona sehemu imefifia inaweza kuihamishia kwenye seli nyingine ikiwa imejaa upya. Lakini kontrola hufanya kazi ikiwa na umeme tu. SSD ikiwa kabatini, hakuna mlinzi aliye macho.

Hesabu ya joto

JEDEC, jumuiya inayoweka viwango vya vifaa vya semikonda, imeandika kwenye kiwango chake JESD218 cha mwaka 2010 kwamba SSD ya matumizi ya kawaida, baada ya kuandikiwa ujazo wote iliyokadiriwa kuandikiwa maishani mwake, inapaswa kushika taarifa mwaka 1 bila umeme ikikaa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. SSD za seva zimewekewa miezi 3 kwenye nyuzi 40.

Tafadhali usiyaruke maneno "baada ya kuandikiwa ujazo wote". Mwaka 2015 zilienea habari kwamba SSD yoyote ikizimwa hupoteza taarifa ndani ya siku chache. Hapana. Makadirio yaliyozua habari hizo yalihusu SSD iliyochoka kabisa na kuwekwa kwenye joto kali. SSD mpya, iliyoandikwa mara chache, hushika taarifa muda mrefu zaidi ya huo mwaka mmoja. Kwa hiyo usikurupuke leo usiku. Ila uijue hesabu, kwa sababu sisi wa visiwani inatugusa kuliko wengi: nyuzi 30 kwa mtu wa London ni siku ya kiangazi cha kutajwa, na kwetu ni chumba cha kawaida mwezi wa Februari.

Kanuni ya kushika kichwani ni hii: kila joto la mahali pa kuhifadhia likipanda nyuzi 5, muda wa kushika taarifa hupungua kwa karibu nusu. Likishuka nyuzi 5, muda huongezeka karibu mara mbili. SSD iliyochoka yenye wiki 52 kwenye nyuzi 30 hubaki na wiki 26 hivi kwenye nyuzi 35, wiki 14 hivi kwenye nyuzi 40, na kwenye nyuzi 55 ni kama wiki 2. Kwenye nyuzi 25 inapata kama miaka miwili.

Sasa angalia wastani unavyodanganya. Tuseme chumba kina nyuzi 30 kwa saa 18, na mchana bati likishika moto kinafika nyuzi 40 kwa saa 6. Wastani wake ni nyuzi 32 na nusu, na mtu angesema si mbaya. Lakini saa moja ya nyuzi 40 inakula kama saa nne za nyuzi 30, kwa hiyo saa 6 zile ni sawa na 24. Jumlisha na 18 zilizobaki, unapata 42. Yaani siku moja katika chumba hicho inaila SSD kama siku moja na robo tatu, na mwaka mmoja wa SSD iliyochoka unageuka miezi saba. Uharibifu unaletwa na kilele cha mchana, nacho ndicho cha kukipiga vita.

Hatua ya 1: Chambua ulichonacho

Kusanya kila kitu mezani: SSD za ndani ulizotoa kwenye kompyuta, SSD za nje, flashi, memori kadi za kamera na za simu za zamani. Kwa kila kimoja andika mwaka ulioanza kukitumia na kilichomo.

SSD itakueleza hali yake ukiiuliza. Kwenye Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha imeandikiwa kiasi gani, imekaa na umeme saa ngapi, afya yake asilimia ngapi, na joto lake wakati huo. Kwenye Linux amri ya smartctl hufanya kazi hiyo. Flashi na memori kadi nyingi hazisemi chochote, nami huzihesabu zote kuwa dhaifu.

Watu wengi hununua SSD mpya kwa ajili ya kompyuta, na ile ya zamani wanaifanya ghala la kumbukumbu. Wamegeuza mambo. SSD yenye makovu inaweza kuendelea na kazi ya kila siku, ambako ina umeme na kontrola iko macho. Inayostahili kulala na kumbukumbu ni ile mpya. Ukinunua flashi mpya, ipime kwanza kwa programu ya H2testw au F3, maana zipo zinazojitangaza gigabaiti 512 na ndani hazifiki hata 32.

Hatua ya 2: Pima joto la mahali penyewe

Usikisie. Tafuta kipimajoto cha kidijitali kinachokumbuka joto la juu na la chini, kiweke palepale unapohifadhi, kabatini au ndani ya mkebe, na ukiache wiki nzima. Pima kati ya Januari na Machi, kaskazi inapovuma na jua kuwaka. Kipimo cha Julai, wakati wa kipupwe, kitakupa faraja ya uongo.

Nilipopima kwangu, juu ya kabati la chumba cha kulala kipimajoto kilisoma nyuzi 41 saa tisa alasiri. Ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, chumba hichohicho, siku hiyohiyo, kilisoma 31. Nyuzi kumi! Kwa kanuni tuliyoiona, kushusha mkebe kutoka juu ya kabati hadi chini ya kitanda kumefanya taarifa zikae karibu mara nne zaidi kwa saa zile za mchana, bila kutumia hata shilingi.

Hatua ya 3: Hamisha

Joto hupanda juu, na bati hulizidisha. Kwa hiyo darini hapana. Juu ya kabati hapana. Ukuta unaopigwa na jua la magharibi hapana. Juu ya king'amuzi, ruta au inveta ya sola hapana, hata kama ndipo penye nafasi.

Panapofaa ni chini, katikati ya nyumba, ndani ya kitu kinene. Lile sanduku la mbao la bibi lenye njumu za shaba ni mahali pazuri kweli, kwa sababu mbao nene hupokea joto polepole, na mchana huisha kabla ndani hakujapata moto. Anayeishi Mji Mkongwe kwenye nyumba ya mawe na chokaa ana bahati zaidi: kuta zile nene huufanya ukumbi wa chini uwe na baridi hata jua la saa nane. Chumba cha kiyoyozi kinachowashwa kila siku ni kizuri pia, lakini kiyoyozi cha ofisi huzimwa Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili chumba kilichofungwa madirisha huchemka.

Gari lililoegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa linaweza kupita nyuzi 50 ndani ya muda mfupi. Mpiga picha anayetoka harusini asiache kadi garini akaenda kula pilau. Na ukivuka kwa boti kutoka Mkoani kwenda Unguja, begi lenye SSD lishike mkononi, lisikae kwenye lundo la mizigo juani.

Kuhusu friji, nimeulizwa mara nyingi. Kwa hesabu tupu, baridi yake ingerefusha muda sana. Tatizo ni hewa yetu. Ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa ya Zanzibar, dakika hiyohiyo kinapata umande, na umande kwenye viungo vya umeme ni kutu. Mimi siziweki frijini. Ukilazimika, funga ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na ukikitoa usikifungue mpaka kimefikia joto la chumba, saa kadhaa. Kasha la mbao kwenye nyuzi 28 linanitosha.

Hatua ya 4: Unyevu na chumvi

Hapa nitapita haraka. Chukua chupa au kopo lenye mfuniko wa mpira unaobana, weka SSD ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na utie vifuko vya silika jeli, vile vinavyokuja kwenye makasha ya viatu na mikoba. Vikishiba unyevu havifanyi kazi tena, kwa hiyo vibadilishe kila unapofungua. Kopo libaki ndani ya sanduku, kivulini.

Hatua ya 5: Andika kwa utulivu

Kuna jambo linalowashangaza watu, nami lilinishangaza: joto la wakati wa kuandika halifanani na joto la wakati wa kulala. SSD inapoandikwa ikiwa na uvuguvugu, kuta za seli hazipati maumivu mengi kama inapoandikwa ikiwa baridi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuiwekea feni wakati wa kunakili. Iache ipate uvuguvugu wake wa kazi, ikimaliza ndipo ukaiweke penye ubaridi. Kuandika kwa uvuguvugu na kulala kwa ubaridi ndiyo mpangilio bora.

Usiijaze pomoni. Acha nafasi ya asilimia 10 hadi 20, ili kontrola ipate pa kuhamishia vitu. Na kabla ya kuchomoa, toa kwa njia salama na usubiri.

Hatua ya 6: Ipe kila faili alama yake

Faili iliyoharibika haipigi kelele. Jina lipo, ukubwa ni uleule, na utajua siku utakapoifungua mbele ya mwenyewe. Dawa yake ni alama ya uhakiki: programu husoma faili yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata biti moja ikigeuka. Kwenye Linux tumia sha256sum, kwenye Mac shasum -a 256, kwenye Windows certutil -hashfile likifuatiwa na jina la faili kisha SHA256. Hifadhi orodha ya alama hizo pamoja na faili, na nakala nyingine kwenye simu yako au barua pepe.

Alama hizi zina faida ya pili utakayoiona kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Kalenda ya kuamsha

Wengi hudhani SSD ni kama betri, kwamba ukiichomeka dakika tano "inachaji". Haichaji. Umeme wa kompyuta hauzijazi seli. Kinachozijaza ni kontrola kusoma, kuona sehemu iliyofifia, na kuiandika upya, na si kila SSD hufanya hivyo kwa bidii. Mwaka 2014 wenye Samsung 840 EVO, SSD ya TLC, waligundua kwamba faili za zamani zilikuwa zikisomeka polepole mno kuliko mpya, hata zikiwa kwenye kompyuta zinazotumika. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu ya ndani mwaka huo, kisha mengine mwaka 2015 yaliyoifanya SSD iandike upya taarifa zake kila baada ya muda.

Kwa hiyo kuamsha maana yake ni kusoma kila kitu. Hapo ndipo alama zinapokusaidia tena: ukiendesha ukaguzi wa alama, kila faili husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kontrola inapata nafasi ya kuona kilichofifia. Ukimaliza, iache SSD imechomekwa bila kazi kwa saa kadhaa, ifanye usafi wake.

Mimi hufanya mara mbili kwa mwaka, nikifuata majira. Ya kwanza Novemba, kabla kaskazi haijaleta joto, ili kila kitu kiingie msimu huo kikiwa kimekaguliwa. Ya pili mwishoni mwa Machi, joto likiwa limepita na masika haijashika, maana kufungua makopo wakati wa mvua kubwa ni kukaribisha unyevu ndani. SSD za kumbukumbu huziandika upya zote kila baada ya miaka miwili: nanakili kwenda kwingine, nakagua alama, nafuta, narudisha, nakagua tena. Flashi na memori kadi huzifanyia hivyo kila Novemba. Kuandika upya mara moja kwa mwaka hakuichoshi.

Kalenda yako usiibane mno. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 wanakumbuka miezi ile mitatu bila umeme wa gridi, mpaka Machi 2010, baada ya hitilafu ya njia ya umeme inayopita chini ya bahari. Jambo kama hilo likitokea mwezi uleule uliopanga kuamsha, uwe na miezi ya ziada mkononi.

Na nakala ziwe tatu. Moja kwenye SSD. Moja kwenye hadi diski ya kawaida ya sumaku, kwa sababu yenyewe haihifadhi kwa elektroni zilizofungiwa na haivuji kwa namna hii, ijapokuwa ina udhaifu wake wa kuanguka na kukwama. Ya tatu ikae nyumba nyingine, na ikiwezekana kisiwa kingine.

Hatua ya 8: Ukishachelewa

Umekuta SSD au flashi iliyolala miaka mingi. Usiichomeke ukaanza kufungua picha moja moja kwa hamu. Andaa kwanza diski nyingine yenye nafasi ya kutosha.

Ukichomeka, Windows ikakwambia diski inahitaji kufomatiwa, kataa. Ikitaka kuikagua na kuirekebisha, kataa pia, kwa sababu marekebisho yale huandika juu ya diski ileile unayotaka kuiokoa. Ikisomeka, nakili kwanza kile ambacho hakipatikani popote duniani: sauti ya mzee, hati, picha ya aliyefariki. Filamu na programu baadaye. Kasi ikishuka mno usichomoe. Huenda kontrola inasoma sehemu ileile mara nyingi ikibadilisha volteji mpaka ipate jibu, na hiyo ni kazi nzuri inayotaka subira.

Ikigoma njiani, tumia programu ya ddrescue kwenye Linux. Hunakili diski nzima kama ilivyo, huruka sehemu mbovu, hukusanya kwanza zilizo nzima, kisha hurudi kwenye mbovu mara kadhaa. Fanyia kazi nakala hiyo tu. Faili za sauti zina huruma hapa: sehemu ikifa katikati, kabla na baada yake mara nyingi husikika.

Ndivyo nilivyofanya na flashi ya yule mama, usiku mzima na asubuhi yake. Qasida mbili zilizokuwa zikikatika nimezipata zikiwa na mapengo mafupi. Ile iliyokataa kufunguka ilikuwa na dakika kumi na mbili, na nimeokoa saba. Sasa nakala moja iko sandukuni kwake, chini, ndani ya kopo. Nyingine iko kwa mwanawe Unguja, na ya tatu kwenye hadi diski yangu. Tumekubaliana aje na kopo lake Novemba.